Tippu Tip na Daftari la Pembe: Jinsi Utajiri Ulivyopotosha Kipimo cha Utu

Utangulizi

Mojawapo ya dhamira zinazofundishwa mara kwa mara katika fasihi ya Kiswahili ni ile ya utajiri na maadili. Katika madarasa ya shule za upili za Kisii na Nyamira, kama kwingineko nchini Kenya, mwanafunzi akiulizwa utajiri humfanya nini mhusika, jibu huwa tayari mdomoni: humfanya awe mchoyo, mwenye kiburi, mdanganyifu na asiyejali wenzake. Jibu hili halina kosa ila lina upungufu. Linamgeuza tajiri kuwa mhusika bapa ambaye uovu wake huonekana tangu ukurasa wa kwanza, na msomaji hufunga kitabu akiwa ameridhika kwamba yeye hamo. Makala haya yanapendekeza njia nyingine ya kuitazama dhamira hii, nayo ni kufuatilia maisha ya mtu halisi ambaye pia ndiye mhusika mkuu wa mojawapo ya tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili. Mtu huyo ni Hamed bin Muhammad bin Juma el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip.

Hoja yetu ni kwamba utajiri haukumwondolea Tippu Tip adabu, ukarimu wala uaminifu kwa wadai wake. Sifa hizo alikuwa nazo tangu ujana hadi uzee, na hata maadui zake walizikiri. Utajiri ulimwondolea kitu kisichoonekana kwa urahisi, yaani kipimo cha kumtambua nani anahesabiwa kama mtu na nani anahesabiwa kama mali. Upotovu wa namna hii ni wa hatari zaidi kuliko ule wa mchoyo wa hadithini, kwa sababu mwenye nao hajioni kuwa amepotoka.

Huenda msomaji wa Gusii akauliza mambo haya yanamhusu nini, kwa kuwa njia kuu za misafara ya pembe zilitoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, mbali na milima yetu. Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, lugha tunayoisomea na kuifundisha ilisafiri kuingia bara ikiwa mikononi mwa watu wa misafara hiyo. Pili, Gusii nayo ilikuja kujua maana ya watu na mali yao kuandikwa katika hesabu za mtu mwingine. Jambo hili tutalirejea baadaye.

Ukoo na malezi

Hamed alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Wakati huo kisiwa kilikuwa kinabadilika kwa kasi chini ya Seyyid Said wa Oman, aliyehamishia makao yake huko na kuhimiza kilimo cha karafuu. Bandari ya Unguja ilikuwa mlango wa pembe za ndovu zilizopelekwa India, Ulaya na Marekani, ambako zilitengenezewa vitana, vipini vya visu, vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Kadiri watu wa mbali walivyozidi kuvitaka vitu hivyo, ndivyo bei ya pembe ilivyozidi kupanda, na ndivyo wafanyabiashara wa pwani walivyozidi kuingia ndani zaidi ya bara.

Mama yake alitoka katika ukoo wa Kiarabu wenye asili ya Maskati. Baba yake, Muhammad bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa misafara aliyefanya makazi Tabora na kuoa katika nyumba ya mtemi wa Unyanyembe. Katika nasaba ya Hamed kulikuwamo pia damu ya Kiafrika, na watu waliomwona waliitaja rangi yake nyeusi. Jambo hili linafaa kukumbukwa. Mtu huyu hakuwa mgeni aliyeliangalia bara kwa macho ya mtu wa mbali. Alikuwa na jamaa huko, alizijua lugha na desturi, na alijua vizuri uzito wa undugu kwa watu aliokutana nao.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi alianza kuvuka kwenda Mrima kununua sandarusi. Hiyo ilikuwa biashara ndogo, yenye mzigo mdogo na faida ndogo. Alipofikia miaka kumi na minane alifuatana na baba yake hadi Tabora, kisha akavuka Ziwa Tanganyika kwenda Urua. Katika tawasifu yake anajichora kama kijana asiyekubali kuwekwa chini ya amri ya mtu mwingine katika mambo ya mali yake. Anasimulia pia jinsi wenzake walivyokimbilia pembe kubwa zilizokuwa ghali, naye akanunua ndogo kwa bei nafuu na kupata faida kuliko wao. Hapa tunamwona kijana mwerevu, mwenye subira na mwenye kujitegemea. Hakuna msomaji atakayemlaumu kwa hayo, na wengi watampenda.

Mikopo, misafara na minyororo

Ili kuelewa jinsi maadili yake yalivyobadilika, ni lazima tuelewe jinsi biashara yenyewe ilivyoendeshwa. Mfanyabiashara wa msafara hakuanza na mali yake mwenyewe. Alikopeshwa vitambaa, shanga, bunduki na baruti na matajiri wa Unguja, wengi wao wakiwa Wahindi. Mkopeshaji mkuu wa Hamed alikuwa Taria Topan, mmoja wa matajiri wakubwa wa Kihindi katika kisiwa hicho. Mkopo ulilipwa kwa pembe, pamoja na faida, baada ya safari ambayo ingeweza kuchukua miaka kadhaa. Aliyerudi mikono mitupu aliharibikiwa jina, na aliyeharibikiwa jina hakukopeshwa tena. Kwa hiyo deni lilikuwa linamsukuma mtu mbele daima: msafara mkubwa ulihitaji mkopo mkubwa, na mkopo mkubwa ulihitaji pembe nyingi zaidi.

Kwa wadai wake Hamed alikuwa mwaminifu. Alirejesha alichokopa, na uaminifu huo ndio uliomfungulia mlango wa mikopo mikubwa zaidi. Lakini tazama upande wa pili wa uaminifu huo. Katika mojawapo ya safari zake za awali, wapagazi aliowaajiri karibu na pwani walitoroka wakaacha mizigo. Hamed aliwarudia katika vijiji vyao, akawakamata wazee na jamaa zao, kisha akawafunga watu minyororo ili mizigo ifike inakokwenda. Kutokana na kisa hicho alipewa jina la chui asiyechagua pa kushambulia. Anasimulia tukio hili bila kuona haya, tena kwa fahari kidogo, kama mtu aelezaye jinsi alivyotatua tatizo la usafirishaji.

Hapa ndipo tunapoona ufa wa kwanza. Ahadi aliyompa tajiri wa Unguja ilikuwa takatifu, lakini uhuru wa wanakijiji wasiokuwa na deni lake haukuwa na uzito wowote. Hakuvunja ahadi yake kwa Taria Topan, ila gharama ya kuitimiza aliitupa mabegani mwa watu wasiohusika. Tukimpima kwa daftari la mkopeshaji, ni mtu mwadilifu. Tukimpima kwa macho ya mzee aliyefungwa mnyororo kwa ajili ya mzigo asioujua, hukumu ni nyingine kabisa.

Mwaka 1867

Mwaka 1867 ndio uliomfanya Hamed kuwa tajiri mkubwa. Akiwa katika nchi ya Itabwa, kusini magharibi mwa Ziwa Tanganyika, aliingia katika mji wa Nsama, mtawala aliyeogopwa na wafanyabiashara wengi waliomtangulia. Walipigana. Hamed mwenyewe alijeruhiwa kwa mshale, lakini bunduki zake zilishinda, na ghala za Nsama zikawa zake. Katika tawasifu anatoa hesabu ya pembe inayokaribia frasila 2,000, na shaba frasila 700. Tukikumbuka kwamba frasila moja ni takriban kilo 16, tutaelewa kwamba kwa siku chache alipata mali ambayo kwa biashara ya kawaida ingemchukua miaka mingi. Inasemekana jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake, ingawa wengine hulihusisha na kupepesa macho kwake.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo, David Livingstone alikutana naye katika eneo hilo. Livingstone alikuwa mpinzani mkubwa wa biashara ya watumwa, na hali yake wakati huo ilikuwa dhaifu. Tippu Tip alimkaribisha, akampa mbuzi, kitambaa, shanga na nafaka, na akaomba radhi kwamba zawadi ni ndogo. Mgeni akapokewa kwa heshima na mtu ambaye punde tu alikuwa ameuangamiza mji.

Wachambuzi wengine wanaweza kusema kwamba huu ulikuwa unafiki. Sisi hatuoni hivyo. Mnafiki hujua wema ni nini, kisha akauvaa kama joho. Tippu Tip alikuwa mkarimu kikweli kwa yeyote aliyemhesabu kuwa mtu wa kiwango chake: mgeni, mfanyabiashara mwenzake, Mzungu msafiri. Watu wa Nsama hawakuwa katika orodha hiyo. Katika simulizi yake miji huanguka, mali hupimwa, na msafara husonga mbele. Majina ya waliofia Itabwa hatuyapati.

Undugu uliogeuzwa mtaji

Kisa kinachofichua zaidi mabadiliko yake ni kile cha Utetera, katika nchi ambayo leo ni mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtawala wa huko, Kasongo Rushie, alikuwa mzee, na zamani wanawake wa ukoo wake walikuwa wametekwa na kupelekwa Urua. Tippu Tip alizipata habari hizo njiani. Alipofika kwa Kasongo alidai kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wa wanawake hao, na kwa hiyo ni damu ya nyumba hiyo. Mzee akaamini, akafurahi kwamba aliyepotea amerudi, na akamkabidhi utawala. Pembe za nchi nzima zikaanza kuletwa kwa mtawala mpya.

Tukisoma kisa hiki kama wanafasihi, tunakuta mbinu inayofahamika katika ngano zetu: mjanja anayejifanya jamaa aliyepotea. Katika ngano, msikilizaji hucheka kwa sababu anayedanganywa ni fisi au zimwi. Hapa aliyedanganywa ni mzee aliyekuwa akiwalilia ndugu zake waliotekwa. Huzuni yake ndiyo iliyokuwa mlango wa kuingilia. Na kilichowateka wanawake wale kilikuwa ni unyang'anyi wa aina ile ile ambayo sasa ilikuwa inamneemesha mjukuu bandia.

Kijana aliyenunua pembe ndogo kwa werevu na mtu mzima aliyenunua ufalme kwa nasaba ya kubuni ni mtu mmoja. Werevu ni ule ule. Kilichobadilika ni kitu kinachotumiwa kama bidhaa. Mwanzoni kilikuwa shanga na vitambaa, na sasa ni undugu wenyewe. Mali ilikuwa imemfundisha kwamba hakuna kisichoweza kuingizwa katika biashara.

Bwana wa Maniema

Kuanzia katikati ya miaka ya 1870 hadi mwisho wa miaka ya 1880, Tippu Tip alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika sehemu kubwa ya Kongo ya mashariki. Aliweka wakuu wa maeneo, alisuluhisha magomvi, na aliifanya biashara ya pembe kuwa haki yake peke yake katika nchi alizotawala. Miji kama Kasongo na Nyangwe ilikua, mashamba ya mpunga yakalimwa, na Kiswahili kikaenea kiasi kwamba aina yake iliyokuja kuitwa Kingwana bado ina mizizi katika Kiswahili cha Kongo cha leo. Hatuwezi kuyakana mambo haya, wala hatuwezi kuyatenga na jinsi yalivyopatikana. Miji hiyo ilijengwa na kulishwa kwa kazi ya watu wengi waliotekwa, na pembe zilifika pwani mabegani mwa watu ambao wengi wao hawakuwa huru.

Wazungu waliopita walimtegemea. Verney Lovett Cameron alikutana naye mwaka 1874. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipatana naye amsindikize kutoka Nyangwe kuufuata mto kwa malipo ya maelfu ya reali, na wakaachana mwezi wa Desemba mwaka huo. Baadaye Tippu Tip alilalamika kwamba Stanley hakumtendea haki katika malipo, na kwamba alichopata kwake ni picha. Malalamiko hayo yanachekesha kidogo, lakini yanaonyesha jinsi alivyokuwa makini mno na dhulma pale alipodhulumiwa yeye. Hisia ya haki haikuwa imekufa ndani yake, ila ilikuwa imeelekezwa upande mmoja tu.

Mwaka 1882 alirudi Unguja na shehena kubwa ya pembe, akapokewa kwa heshima na Sultani Barghash. Hakukaa sana. Mwaka uliofuata alirejea Kongo, na safari hii alikutana na mpinzani mwenye daftari kubwa kuliko lake, yaani Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Daftari kubwa zaidi

Mwezi wa Februari mwaka 1887, mjini Unguja, Tippu Tip alitia saini mkataba ulioletwa na Stanley kwa niaba ya Leopold. Alikubali kuwa wali wa Maporomoko ya Stanley, ambayo leo ni Maporomoko ya Boyoma, Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kisha wakapanda meli wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa Mto Kongo. Alikuwa pia ameahidi kuupatia msafara wa Stanley wapagazi 600. Wapagazi hao walichelewa sana, na waliokuja hatimaye hawakutimia. Kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya kiliangamia kwa njaa, maradhi na ukatili wa baadhi ya viongozi wake. Meja Barttelot, aliyekiongoza, aliuawa mwezi wa Julai 1888. Stanley alimtupia Tippu Tip lawama, akamfungulia mashtaka Unguja akidai pauni 10,000, ingawa kesi hiyo iliachwa baadaye.

Kwa nini mtawala mwenye majeshi yake akubali mshahara wa pauni 30? Huenda aliona nguvu za Wazungu zinazidi, na akatafuta nafasi ya kulinda biashara yake. Kwa hesabu ya mfanyabiashara, hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini aliyezoea kuwageuza wengine kuwa nambari alikuwa sasa ameandikwa katika daftari la mtu mwingine. Leopold alimhitaji kwa muda tu. Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890, akafika Unguja mwaka 1891. Mwaka uliofuata vita vilizuka kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa pwani. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893. Sefu, mwanawe aliyekuwa amebaki huko, aliuawa mwaka huo huo, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 1894 utawala wa watu wa pwani katika Kongo ulikuwa umekwisha.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Tippu Tip ilikuwa na daftari, na bado ilipotea pamoja na mtoto. Dola ya Leopold nayo iliendelea kuwatoza watu wa Kongo mpira kwa mijeledi na mauaji, hadi mfalme huyo alipolazimika kuikabidhi kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908. Mateso ya utawala huo yalienea kupita yale ya misafara. Ni lazima tuseme hivyo waziwazi, ili mtu asidhani kwamba tunamlaumu mfanyabiashara wa pwani ili kumsafisha mfalme wa Ulaya.

Uzee na tawasifu

Tippu Tip aliishi miaka yake ya mwisho katika mtaa wa Shangani, katika nyumba ambayo bado ipo. Hakufa maskini. Inakadiriwa kwamba miaka ya 1890 alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Mwaka 1897 hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria Unguja, sheria ilizungumzia fidia kwa mabwana waliopoteza mali, si kwa watumwa waliopoteza maisha yao. Hata uhuru uliandikwa katika daftari la mwenye mali.

Katika miaka hiyo Mjerumani Heinrich Brode alimhimiza aandike maisha yake. Tippu Tip aliyaandika kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Brode aliyachapisha kwa hati za Kilatini huko Berlin mwaka 1902 na 1903, na mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwandishi mwenyewe alifariki Unguja mwezi wa Juni 1905.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, matini hayo ni hazina. Msimulizi ni wa nafsi ya kwanza, sentensi zake ni fupi, masimulizi yanasonga kwa kasi, na kumbukumbu ya tarakimu ni ya kushangaza. Anakumbuka uzito wa pembe za miaka thelathini iliyopita. Anakumbuka nani alimkopesha nini. Lakini wapagazi na mateka, ambao bila wao pembe hata moja isingefika pwani, hutajwa kama kundi tu, mara nyingi kwa idadi. Kimya hicho si upungufu wa kumbukumbu, kwa sababu mtu anayekumbuka frasila hawezi kusemwa kuwa na kumbukumbu mbovu. Kimya hicho ndicho ushahidi wetu mkuu wa kile utajiri ulichomfanyia.

Je, alikuwa mtu wa zama zake tu?

Kuna hoja inayostahili kujibiwa. Wako wanaosema kwamba hatuna haki ya kumhukumu Tippu Tip kwa maadili ya leo, kwa kuwa utumwa ulikuwa halali katika zama zake. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau jambo moja. Wapagazi waliotoroka wakaacha mizigo walikuwa watu wa zama hizo hizo. Watu wa Nsama waliorusha mishale walikuwa watu wa zama hizo hizo. Mzee Kasongo Rushie, aliyewalilia ndugu zake waliotekwa, naye alikuwa mtu wa zama hizo. Wote hao walijua kwamba kutekwa ni uovu, na hawakuhitaji karne nyingine ije iwaeleze. Tunaposema kwamba zama zile ziliuona utumwa kuwa jambo la kawaida, tunakuwa tumezihesabu fikra za mabwana peke yao, na tumerudia kosa lile lile la daftari.

Hapa ndipo tunaporejea Gusii. Kabla ya ukoloni, utajiri wa Mgusii ulihesabiwa kwa ng'ombe. Omonda, yaani tajiri, aliwatumia ng'ombe wake kulipa mahari, kusaidia jamaa na kufunga urafiki na nyumba nyingine. Hatusemi kwamba mali hiyo haikuleta kiburi wala ugomvi, kwa maana wizi wa mifugo ulisababisha vita vingi. Lakini ng'ombe alikuwa na njia zake za kupita kati ya watu, na aliyewafuga bila kufungamana na watu hakupata heshima. Katika mapambano ya mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa Northcote, majeshi ya Waingereza yaliteka maelfu ya ng'ombe wa Gusii. Habari zilipofika London kwamba watu 160 wameuawa bila askari wa upande wa serikali kuangamia, Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa Makoloni, aliandika kulalamikia mauaji hayo. Mambo yalikuwa yametendeka. Huko nako, mifugo iliyotekwa ilihesabiwa kwa makini kuliko majina ya waliouawa.

Hitimisho

Maisha ya Tippu Tip yanatuonyesha kwamba utajiri unaweza kumpotosha mtu bila kumgeuza kuwa mchoyo au mwongo mbele ya wenzake. Unaweza kumwachia adabu zake zote, ukapunguza tu idadi ya watu ambao adabu hizo zinawahusu. Kwa sababu hiyo, mwalimu anayefundisha dhamira ya utajiri na maadili asiishie kuwauliza wanafunzi kama mhusika tajiri ni mkarimu au mchoyo. Awaulize mkarimu kwa nani. Awaulize ni nani waliobeba mizigo katika hadithi hiyo, wanaitwa nani, na kama mwandishi amewapa nafasi ya kusema.

Wito wetu kwa wanachama wa chama hiki ni kwamba tawasifu ya Tippu Tip isomwe upya kama kazi ya fasihi, si kama chanzo cha historia tu. Bado kuna nafasi pana ya utafiti kuhusu kimya cha matini hayo, na kuhusu masimulizi ya upande wa waliotekwa, ambayo huenda yakapatikana katika fasihi simulizi ya Maniema na ya njia za misafara. Kiswahili kilichoandika hesabu ya pembe kina uwezo wa kuwaandika wapagazi pia. Kazi hiyo ni yetu sisi tunaokisomea.